Barua ya wazi kwa TCU na wakuu wa skuli za biashara: swali nililopata chuoni, likanipiga Kariakoo

Kwenu Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na nyie wakuu wa skuli na vitivo vya biashara nchi nzima.

Shikamooni wakubwa zangu, poleni na majukumu. Najua barua za namna hii mnaletewa nyingi na nyingine ni za matusi, hii sio ya matusi. Mi ni muuza vyombo. Nina fremu moja hapa Makambako, nauza sufuria, ndoo, chupa za chai, hotipoti, sahani, na mabeseni ambayo kusema ukweli ndo yanalipa kodi ya fremu. Pia nina digrii ya usimamizi wa biashara, ya miaka mitatu, GPA 4.1. Chuo sitakitaja, walimu wangu bado wapo na hawakunikosea kwa makusudi, af hata ningekitaja isingesaidia maana nimeongea na wenzangu waliosoma vyuo vingine vinne vitano, madesa yetu, zile noti za kusomea, yanafanana mpaka makosa ya kuandika.

Ngoja niwape kisa kwanza.

Mwaka wa pili tulisoma usimamizi wa fedha na kuna swali pale huwa halikosi. Muuzaji anakukopesha mzigo kwa masharti ya mbili kwa kumi neti thelathini, yani ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2, usipolipa hapo unalipa yote ndani ya siku 30, sasa je, ukiliacha hilo punguzo unakuwa umekopa kwa riba ya asilimia ngapi kwa mwaka? Unachukua 2 unagawa kwa 98, unazidisha kwa 365 unagawa kwa 20, inakuja kama 37. Nilipata maksi zote. Mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nakuandikia ile fomula ukutani kwa mkaa.

Disemba 2023 niko Kariakoo, mara yangu ya pili kufuata mzigo. Jamaa wa duka la jumla ananiambia bosi, chupa za chai dazeni ukilipa sa hivi laki na themanini, ukitaka mali kauli laki na tisini unaniletea baada ya wiki mbili. Nikafurahi jamani. Nikaona nimeshaaminiwa, nimekuwa mfanyabiashara. Hela ya kulipa kashi nilikuwa nayo mfukoni kabisa lakini nikasema hapana, hii niongezee hotipoti, chupa nabeba kwa mali kauli dazeni kumi. Nimefika nimepanga, duka limependeza, Krismasi imepita vizuri, Januari ikaingia. Januari mnaijua, watu wananunua madaftari na sare, nani ananunua chupa ya chai? Wiki mbili zikafika sina hela ya jamaa, nikaenda kukopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kali, ili nisiharibu jina Kariakoo, Februari nikarudia mchezo uleule, Machi tena.

Mwezi wa nne nimekaa dukani, mvua inapiga bati, hamna mteja, nachezea kalkuleta ya simu, ndo ikaniingia. Elfu kumi juu ya laki na themanini, kwa siku 14. Nikaweka kwenye ile fomula. Inakaribia asilimia 145 kwa mwaka. Nilikaa kimya muda mrefu sana wakubwa zangu. Lile swali nililolipatia maksi zote lilikuwa limesimama mbele yangu Kariakoo limevaa kandambili linaniita bosi na sikulitambua, kwa sababu mimi nililizoea likiwa na tai, linaongea Kiingereza, na limeandikwa 2/10.

Kwa hiyo sijaja kuwaambia digrii haina maana, hao wapo wengi mtandaoni, wanaowaambia vijana waache chuo wakauze mitumba, na wengi wao watoto wao wanasoma nje. Nilichosomeshwa kilikuwa sahihi. Kilikuwa sahihi kwa mtu mwingine, aliyekaa kwenye kiti kingine, kwenye kampuni ambayo sijawahi kuingia hata kwenye geti lake.

Kuna hiki kingine cha kuchekesha. Wakati natafuta fremu, mpangaji aliyekuwa anatoka aliniomba kilemba milioni moja na nusu. Nikamuuliza kilemba cha nini kaka, kwani namuoa dada yako? Nikajua natapeliwa, nikagoma, fremu karibu inipite. Aliyenielewesha ni mama wa fremu ya jirani, akaniambia mwanangu, anauza wateja waliozoea kuja hapa, we mbishie bei lakini usimbishie kilemba. Ile ni gudwili! Nilisoma gudwili mihula miwili, jinsi kampuni kubwa inavyoinunua kampuni ndogo kwa bei ya juu kuliko mali zake, inavyoingizwa kwenye vitabu, inavyopimwa kila mwaka kama imeshuka thamani, na hamna mwalimu hata mmoja aliyewahi kutamka neno kilemba. Neno moja tu, dakika moja, ningeokoa wiki mbili za kuzunguka na dalali.

Nikaanza kutafuta hii kozi ilitoka wapi maana nilitaka kujua nani alikaa akaamua kijana wa Tanzania afundishwe hivi. Walioianzisha hawakuwa wajinga hata kidogo. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilifunguliwa 1965, nchi haina hata miaka minne ya uhuru, inahitaji watu wake wanaojua biashara. 1967 likaja Azimio la Arusha, mabenki na viwanda vikubwa vikawa vya umma, sasa nani ataviendesha? 1972 kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, na mwaka huohuo pale Mzumbe palipokuwa na shule ya serikali za mitaa tangu 1953 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, wazee mpaka leo wanakiita IDM. 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kikaanzisha kitivo chake cha biashara na menejimenti. Nchi ilikuwa na mashirika ya umma kwa mamia, kila shirika lina meneja mkuu, meneja utumishi, meneja ugavi, mhasibu, mkaguzi wa ndani, kantini, madereva, na fomu za nakala tatu tatu. Kozi ilishonwa kama suti ya yule meneja na ilimkaa. Miaka ya 90 mashirika yakaanza kuuzwa na mengine kufungwa, mpaka ikaundwa tume ya kazi hiyo, PSRC. Mvaaji hayupo, fundi bado anashona vipimo vilevile.

Ndo maana nilikariri kanuni 14 za Fayol. Fayol alikuwa injinia wa migodi ya makaa ya mawe huko Ufaransa, hizo kanuni zilitoka 1916. Mojawapo inasema kila mfanyakazi awe na bosi mmoja tu. Mi dukani niko na mdogo wangu anayekuja Jumamosi, na bosi wake ni mama yetu.

Kodi je? Tulisoma kodi semista nzima, kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, tukapiga uchakavu wa mitambo, gharama zinazokubalika na zisizokubalika, safi kabisa. Sikumbuki hata dakika ishirini za kuongelea mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100, ambaye kodi yake ya mapato inapigwa kwenye mauzo na sio kwenye faida. Na wengi wetu ndo tunaangukia hapo! Hiyo tofauti kwa biashara kama yangu ni ya kufa na kupona. Sufuria nauza elfu 12 nimeinunua elfu 10 na mia tano, hapo sijaweka nauli ya mzigo. Jirani ana saluni, akisuka mtu kwa elfu 12 gharama yake ni mafuta na umeme. Sote tumeuza 12, kwenye kodi tunaonekana mapacha, lakini mmoja kabaki na elfu moja na kitu na mwingine na elfu tisa. Mtu akijua hilo kabla ya kuchagua biashara anaweza akachagua tofauti kabisa. Hilo sio swali la mtihani kweli?

Yule mama wa fremu ya jirani nataka nimuongelee zaidi maana yeye ndo alinifanya niache kuwalaumu nyie peke yenu. Ana kaunta buku la kwaya tatu, jalada limefungwa selotepu juu ya selotepu. Kila mdeni ana ukurasa wake, na majina sio ya kitambulisho, ni "mwalimu nyumba ya bluu", "baba mapacha", "bajaji kofia". Pembeni ya jina kuna herufi ndogo. V ni viazi, M ni mahindi, P ni parachichi, hao ni wakulima, hawadai mpaka msimu wa zao lao uingie, na msimu ukiingia anawafuata siku ileile gari la mnunuzi linapopakia. Wa mshahara hana herufi, ana tarehe. Chini ya meza ana makopo matatu ya maziwa ya unga: la mzigo, la kodi ya fremu, la nyumbani. Nilimuuliza kama la nyumbani linaruhusiwa kukopa kwenye la mzigo akaniangalia kama nimemtukania ukoo. Mimi mwenye A ya uhasibu wa usimamizi nilikuwa nakula mtaji kwa droo moja, sijui ipi ni faida ipi ni hela ya Kariakoo.

Sasa na yeye alikuwa na shimo lake. Viti vya plastiki. Alikuwa anaviuza miaka sijui mingapi, vinatoka sana, anavipenda. Siku moja nikakaa naye nikapiga gharama ya kila bidhaa mpaka inafika rafuni, nikagawa nauli ya mzigo kwa nafasi ambayo kila kitu kinachukua kwenye gari, sio kwa idadi kama alivyokuwa anafanya yeye. Viti vinakula nafasi, sufuria zinaingiana. Kila kiti alikuwa anauza kwa hasara. Akanyamaza, akavua miwani, akasema, "Na wewe ulikuwa unasubiri nini miezi yote hii kuniambia?" Af tukachukua lile kaunta buku tukatengeneza kumbukumbu za mauzo na manunuzi za kueleweka, maana sheria ya kodi inamtenganisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo, na yeye miaka yote alikuwa anahesabiwa kwamba hana, wakati ana buku zima lenye kila kitu ila kwa lugha anayoisoma peke yake.

Hapo ndo niliona digrii yangu inafanya kazi. Mara ya kwanza kabisa, na ilikuwa kwenye stuli dukani kwa mtu mwingine. Ule mchanganyiko, wa fomula zenu na daftari la yule mama, ndo nilichotegemea nikipate chuoni kwa miaka mitatu.

Mtasema vyuo vinatumia visa mkasa siku hizi, yani visa vya biashara za kweli vya kufundishia. Vinatumia. Vyetu vilikuwa vya kampuni za ndege za Marekani na viwanda vya magari vya Japani. Julai 2021 nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho, tarehe 15 tozo ya miamala ya simu ikaanza, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea na kiasi. Nje ya geti la chuo kulikuwa na wakala ambaye kila siku alikuwa na foleni, wiki ile alikaa anapiga miayo, watu wamerudi kubeba hela kwenye soksi. Haikufika miezi miwili serikali yenyewe ikapunguza asilimia 30. Hilo ni somo zima la bei na wateja kukimbia, lipo mita hamsini kutoka ukumbi wa mtihani, lina takwimu, kila mwanafunzi limemuuma mfukoni. Swali letu la unyumbufu wa mahitaji, yani bei ikipanda wateja wanapungua kiasi gani, siku ile lilihusu siagi na majarini. Ya huko ughaibuni.

Na Juni 2024, wafanyabiashara walipofunga maduka Kariakoo, mi nilikuwa Dar na hela ya mzigo kiunoni, ndo msimu wetu wa huku unaanza, wakulima wanashika hela. Siku nimelala gesti natazama dari nikakumbuka ile kozi ya mazingira ya biashara, ile ya siasa uchumi jamii teknolojia, tulichora sana yale maboksi. Sikuwahi kuandika kwenye boksi hata moja kwamba mzigo wako wote ukitegemea mtaa mmoja ipo siku mtaa utafungwa. Sa hivi nina mtu wa kuniletea ndoo na mabeseni kutoka Mbeya, bei iko juu kidogo, navumilia.

Lugha. Hili najua ni gumu na wengine watanuna. Tunafundishwa kwa Kiingereza biashara ambayo yote, kuanzia dalali mpaka afisa biashara mpaka mteja, inafanyika kwa Kiswahili. Sisemi mfute Kiingereza, mkataba na Mchina wa kontena hautauandika kwa Kiswahili. Ila mahakama zetu zilihamia Kiswahili kisheria 2021, na wanasheria waliosema sheria haiwezekani kwa Kiswahili bado wapo na wanakula vizuri tu. Nyie hata msihame. Wekeni kila dhana na jina lake la mtaani, basi. Mali kauli, kilemba, winga, mtaji wa mzunguko, mzigo uliolala, upatu, kufunga mahesabu. Mwanafunzi anayejua kwamba winga wa Kariakoo anauza bila kuwa na stoo wala mtaji, na anakula juu ya bei, ameshaelewa nusu ya somo la mnyororo wa usambazaji kabla hujawasha projekta.

Field, yale mafunzo kwa vitendo, ndo sitaki hata kukumbuka. Wiki nane. Mi nilipelekwa ofisi moja ya umma, watu wazuri, walinipa chai, walinipa na mashine ya fotokopi. Nilitoa kopi, nikabana pini, nikapanga mafaili kwa mwaka, nikatumwa vocha. Msimamizi kutoka chuo alikuja mara moja, akakaa dakika kumi, akauliza logibuku iko wapi, akasaini kurasa zote kwa mpigo, za nyuma na za mbele ambazo siku zake hazijafika. Ripoti niliandika kurasa 30. Nilipewa A. Mwenzangu mmoja alichukua ripoti ya kaka yake wa miaka minne nyuma akabadilisha jina la ofisi, kwenye ukurasa wa 12 akasahau, na yeye alipata A.

Mwalimu pekee ambaye kipindi chake nakikumbuka neno kwa neno alikuwa wa masoko. Slaidi zake za kawaida tu. Lakini alikuwa na banda la kuku nyumbani, na alikuwa analificha kama vile ni aibu, unajua tena, mhadhiri na kuku. Siku moja alikuja amechelewa, macho mekundu, vifaranga mia nne wamekufa usiku umeme ulikatika. Akaweka slaidi chini, akatueleza. Alivyowanunua, kwa nini hakununua jenereta, alivyokuwa amemuahidi mwenye hoteli kuku wa Pasaka na ameshakula edivansi, sasa anamwambiaje. Akatuuliza sisi, mngefanyaje? Tulibishana masaa mawili, muda ukaisha watu hawatoki. Wiki iliyofuata karudi kwenye slaidi. Nikamuuliza mwalimu mbona hutuelezi iliishaje, akacheka akasema haimo kwenye kozi, na wakimpandisha cheo hawahesabu kuku, wanahesabu machapisho.

Basi hesabuni kuku. Naongea serious. Mwalimu wa biashara ambaye anaendesha biashara, au aliyewahi kufilisika akasimama, hiyo iwe na alama zake kwenye kupanda daraja kama makala ya jarida inavyokuwa nazo.

Kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 425 uliopitishwa 2021, na mojawapo ya kazi zake ni kuhuisha mitaala ya vyuo. Huo mkopo tutaulipa wote, mimi na wale wa viti vya plastiki. Ninachoomba hakihitaji dola nyingi. Mwanafunzi akiingia mwaka wa kwanza akabidhiwe duka, genge, saluni, banda la chipsi, gereji, chochote kilicho jirani na chuo na mwenyewe akiridhia, atunze mahesabu yake miaka yote mitatu. Kila kozi anayosoma aitumie pale. Akisoma gharama akapige gharama za pale, akisoma kodi akakae na mwenye duka wakati wa makadirio, akisoma fedha akaseme kama ile mali kauli inalipa au haimlipi. Mwisho wa mwaka wa tatu badala ya tafiti ile ya dodoso mia moja ambayo sote tunajua nusu yake yanajazwa hosteli usiku, alete vitabu vya lile duka, na mwenye duka aje aulizwe, kijana huyu amekusaidia nini? Vyuo vikiwa na mahesabu ya maduka elfu kadhaa kila mwaka, visa mkasa vya kufundishia mtavikosa wapi? Mtaandika vyenu, vya Makambako na vya Kaliua na vya Tandahimba.

Wala msisubiri sana. Watoto wa kidato cha kwanza sa hivi wanasoma somo la biashara kwenye mtaala mpya, watawafikia mwanzoni mwa miaka ya 2030 huko wakiwa wameshajua kufungua biashara ndogo na kutunza daftari, mkiwawekea Fayol mbele watawacheka.

Na mkopo wa bodi nalipa, msije mkasema huyu analalamika tu. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, mi hakuna wa kunikata, naomba mwenyewe kontro namba nalipia kwa simu, kwenye makopo yangu niliongeza kopo la nne.

La mwisho halafu niwaache mkafanye kazi. Mwaka jana alikuja binti, mwaka wa pili, chuo siwatajii, kwao ni hapahapa mjini. Akaniomba afanye field dukani kwangu. Yani nilifurahi kama vile nimetembelewa na ofisi ya rais. Ilikuwa Julai, msimu ndo umeiva, viazi vinatoka, watu wana hela, kama kuna wiki nane za mtu kujifunza kuuza ni zile. Akanipa fomu ya chuo nijaze. Jina la taasisi, nimejaza. Muhuri, ninao. Idara atakayofanyia kazi. Jina la mkuu wa idara ya rasilimali watu. Jina la mkuu wa idara ya masoko. Idadi ya watumishi. Muundo wa taasisi, ambatanisha mchoro. Nikamchorea. Boksi moja juu limeandikwa mimi, mstari, boksi la chini limeandikwa mdogo wangu (Jumamosi). Tukacheka, akaituma.

Ilirudi baada ya siku tano, taasisi haikidhi vigezo. Akapangiwa ofisi, nilimkuta huko siku moja nimeenda kufuatilia leseni, amekaa pembeni ya mashine ya fotokopi, akaniona akainamisha kichwa akacheka. Nilimpa logibuku lake lingine, kaunta buku la kwaya mbili, anakuja nalo jioni akitoka huko saa kumi, tunapiga hesabu mpaka saa moja na nusu. Mama wa jirani naye anavuta stuli. Mwaka huu ameniambia kuna mwenzake anataka kuja, na fomu ni ileile. Nitaijaza hivyohivyo. Nimebadilisha kitu kimoja tu, kwenye mkuu wa idara ya masoko nimeandika jina la yule mama, amekubali, ila anauliza mshahara wake mnaulipa nyie au naulipa mimi.